Msimu wa Kufunikana

Jumatatu, 3 Juni

Leo kiwanda kimefunguliwa na mimi nimefungua daftari. Sababu ni Shemeji. Jana alisema mtu aliyekimbia shule kidato cha pili hawezi kuandika kitu kirefu kuliko jina lake. Nikamwambia, Shemeji, jina langu lenyewe refu, subiri uone.

Basi kwa atakayeliokota: hapa tunachambua pamba. Wakulima wanaileta kwa malori, sisi wa zamu ya mchana tunaishusha ghalani na kuilisha mashine. Mbegu zinatoka huku, pamba safi inatoka kule na kukandamizwa kuwa marobota. Kiongozi wa kikosi chetu ni Kaka, ndugu yangu wa tumbo moja, mume wa Shemeji. Robota ambalo watu wawili wanalisukuma macho yamewatoka, Kaka analipindua peke yake huku anasimulia habari. Kwa nguvu, wa pili wake ni mimi. Anayebisha alete daftari lake.

Jumatano, 5 Juni

Jua. Vumbi la pamba mpaka kwenye kope. Nimekula, nimelala.

Jumamosi, 8 Juni

Leo tumemfunika mtu wa kwanza wa msimu. Mgeni akituona atadhani tunazika. Iko hivi: mtu akichoka mpaka magoti yanagongana, wenzake humlaza pembeni mwa lundo, humtupia pamba juu, humwachia pua. Kisha husimamisha fagio karibu naye, mpini juu, ili asije akakanyagwa wala kuchomwa na uma wa kusukumia pamba. Nyapara akiuliza, jibu ni moja, hata ukiamshwa usingizini: "Ameenda mizani." Mizani iko nyuma ya ofisi, mbali kidogo, na Nyapara ana tumbo linalotangulia kufika. Hapendi kutembea.

Leo alilala Kiroboto, yule mfupi asiyetulia.

"Kiroboto yuko wapi?"

"Ameenda mizani, bosi," nikajibu, uso mkavu kama ubao.

"Kila siku mizani! Anapima nini huko, akili zake?"

"Hizo hazifikishi uzito, bosi."

Wakacheka wote, na lile lundo la pamba nalo likatikisika. Nusura tuumbuke.

Hiyo ndiyo sheria yetu. Asiyefunika mwenzake hafunikwi.

Jumanne, 11 Juni

Kiroboto amekuja na chumvi. Si ya mboga. Ni vipande vidogo vinavyong'aa kama kioo kilichopondwa, wanaviunguza na kuvuta moshi wake nyuma ya banda la mbegu. Akivuta mmoja wanavuta wote, ndiyo mwendo wa kikosi. Niliponyoosha mkono Kaka akaupiga kofi.

"We subiri. Mdomo wako peke yake ni mashine, tukikuongezea moto kiwanda kitaungua."

"Na wewe je?"

"Mimi ni wa msimu tu. Msimu ukiisha, naacha. Mgongo huu unaujua?"

Naujua. Shemeji huukanda kila jioni, na Kaka hulia kama mbuzi.

Jumatano, 12 Juni

Kaka hakukaa chini hata wakati wa chakula. Ugali wangu na wake nimekula mimi. Sijalalamika.

Jumatatu, 17 Juni

Nyapara amemsifu Kaka mbele ya zamu zote mbili. "Huyu ndiye mwanamume!" Kisha akasema kuanzia sasa mwendo wa Kaka ndio mwendo wa kikosi kizima, na asiyeuweza geti liko wazi. Anajua. Juzi alipita nyuma ya banda la mbegu, akakohoa kwa mbali ili tumsikie kabla hajatuona. Mtu mwenye nia ya kukamata hakohoi.

Jumanne, 18 Juni

Nimevuta. Sikubembelezwa na mtu. Mwendo ulinishinda, nikaona Kiroboto, kimo cha mwiko, ananipita na mzigo huku ananitolea ulimi. Nikamfuata mwenyewe.

Nitasema ukweli: ilikuwa tamu. Nilijiona naweza kulibeba lori pamoja na dereva. Nilipiga kazi mpaka Nyapara akaniita jina langu kamili. Halafu nikarudi nyumbani na kile kitu hakikutaka kushuka. Moyo unagonga kama mtu anayedai kufunguliwa mlango. Taya zimebana. Nilianza kuondoa nyuzi za pamba kwenye shati, moja moja, na zilipokwisha niliendelea kuziona. Shemeji aliniita kula, nikahisi sauti yake ina kitu kinajificha ndani yake. Shemeji! Aliyenilea tangu Mama alipofariki! Nilimwogopa mpaka nikasukuma kitanda mlangoni.

Alhamisi, 20 Juni

Sivuti tena. Wananiita Bibi Harusi. Sawa, na mahari yangu hawaiwezi.

Jumapili, 23 Juni

Nyumba yetu ina vyumba viwili na ukuta mwembamba. Jirani akipiga chafya sisi tunamwitikia. Leo asubuhi nimemkuta Kaka ameegesha sikio ukutani.

"Shh. Wanatusema."

"Nani?"

"Hawa. Tangu jana. Wanataja jina langu."

Nikatega sikio. Jirani alikuwa anamfundisha mwanawe kuhesabu. Nikamwambia, na nikacheka. Shemeji naye akacheka, akasema, "Baba, kama jina lako ni Saba, basi wanakutaja kweli." Kaka hakucheka. Alimtazama mkewe kama anayejaribu kukumbuka walionana wapi.

Shemeji akarudi kwenye cherehani yake. Akashona bila uzi.

Alhamisi, 27 Juni

Sasa kuna na vidonge. Chumvi inampandisha, haimwachi alale, basi Kiroboto anamletea vidonge vya maumivu vimshushe. Vile vikali, wanavyopewa watu waliopasuliwa. Kaka anasema ni vya mgongo. Mgongo gani unaomeza asubuhi, mchana na jioni?

Akivimeza anakuwa mpole. Anajikuna pua, anatabasamu, kichwa kinadondoka kama embe lililoiva. Jioni nilimkuta kwenye kiti, macho nusu, anakoroma mkoromo wa ajabu. Unavuta, unakwama, unanyamaza. Nikawa na mimi nimebana pumzi. Ulipoanza tena ndipo nami nikavuta.

Jumatatu, 1 Julai

Mawingu. Msimu huu hayana kazi hapa. Nyapara anayatazama kama wadai wake. Pamba nyingi iko uwanjani na pamba iliyolowa ni takataka.

Alhamisi, 4 Julai

Mawingu yamekaa. Mwendo umeongezwa.

Jumamosi, 6 Julai

Naandika nikiwa kwa jirani. Kaka amenikaba.

Nilikuwa naandika humu, mchana kweupe, akaingia. "Unamwandikia nani?" Nikasema, najiandikia mwenyewe. "Unamwandikia Nyapara. Unamwandikia polisi." Akaniinua kwa ukosi mpaka vidole vya miguu vikatafuta sakafu. Nimeshapigana na Kaka tangu tunagombania kijiko, najua anavyopigana: anacheka huku anakufinya. Leo hakucheka. Mboni zake zilikuwa zimejaa jicho zima. Nilisema, "Kaka, ni mimi." Akasema, "Hivyo ndivyo ungesema."

Shemeji alimwaga ndoo ya maji mgongoni kwake. Akaniachia. Akakaa sakafuni, akaanza kulia, akaniomba msamaha, kisha akauliza tena, taratibu, kwamba kweli namwandikia nani.

Nikachukua daftari, nikaja huku kwa jirani.

Jumanne, 9 Julai

Leo wamemfunika Kiroboto, na kumwamsha imekuwa kazi. Midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu. Wakampiga makofi, wakammwagia maji, akafumbua macho akauliza, "Nani amekufa?" Wakacheka mpaka wakashika mbavu. Nami nikacheka. Ukinyamaza utaulizwa una nini.

Nilipogeuka nikamwona Kaka anatafuna kidonge.

Jumapili, 14 Julai

Shemeji amekwenda zahanati. Alimwambia muuguzi kwamba ana jirani yake, mtu wa kiwandani, anatumia hivi na hivi. Muuguzi ni mama mnene asiye na haraka. Akamwuliza, "Huyo jirani yako anapenda chai yenye sukari kiasi gani?" Shemeji akajibu bila kufikiri. Muuguzi akasema, "Haya, sasa tuzungumze habari za mumeo."

Tumekaa jikoni, ananieleza kwa kunong'ona huku anakata vitunguu ili machozi yawe na sababu. Muuguzi kasema chumvi na vidonge havifutani. Kimoja kinapiga moyo mjeledi, kingine kinausahaulisha mwili kupumua. Mtu akilala asiamke, akakoroma vile na midomo ikabadilika rangi, huyo hapumziki, huyo anakwenda. Asifunikwe, asiachwe chali, asisubiriwe. Alazwe ubavu, aletwe mbio. Kuna sindano. Na wao hawaiti polisi.

"Alisema asifunikwe?" nikauliza.

"Ndiyo. Kwa nini?"

Nikachukua kisu, nikamalizia vitunguu mimi.

Jumatatu, 15 Julai

Nimewaambia kikosi. Kiroboto kasema, "Bibi Harusi amekuwa daktari!" Nimemwambia Kaka peke yake. Kasema mimi ni mtoto.

Alhamisi, 18 Julai

Mawingu chini kabisa. Nimekaa karibu na Kaka zamu nzima. Kanifukuza kama nzi.

Jumamosi, 20 Julai

Vivyo hivyo.

Jumatano, 24 Julai

Niandike polepole maana herufi zinaruka.

Baada ya chakula upepo uligeuka. Tone la kwanza lilimpiga Nyapara kwenye upara, akapiga yowe kama kachomwa. "Pamba! Pamba ndani! Yote!" Malori yakarudi nyuma moja baada ya jingine mpaka mlango wa ghala, yakawa yanamwaga. Mimi nilitumwa uwanjani kufunga maturubai. Nikamwacha Kaka ameegemea nguzo, anajikuna pua, anatabasamu.

Niliporudi, nguzo ilikuwa peke yake.

"Kaka yuko wapi?"

Kiroboto alikuwa anasukuma pamba kwa uma. Nyapara alikuwa amesimama pale pale, mikono kiunoni. Kiroboto akanitazama mimi, akamtazama Nyapara, akasema, "Ameenda mizani."

Nikamwuliza wa pili. "Ameenda mizani." Nikamwuliza mzee wa mashine, mtu wa dini, haongopi. Akainamisha kichwa. "Mizani, mwanangu." Wote walisema vizuri, kwa uso mkavu, kama nilivyokuwa nikisema mimi. Nikatafuta fagio. Nikaliona mlangoni, mikononi mwa kibarua wa siku moja, anasukuma maji yasiingie.

"Fagio hili umelitoa wapi?"

"Pale," akaonyesha kwa kidevu. "Lilikuwa limesimama tu."

Pale hapakuwa na pale tena. Lori lilikuwa limeshamwaga juu yake, na jingine linarudi nyuma limwage.

Sikujua kama nina sauti ile. Nilikimbia nikasimama nyuma ya lori, nikapiga bodi kwa ngumi zote mbili. "Simama! Kuna mtu humo chini! Kaka yuko chini ya pamba!"

Ghala likanyamaza, isipokuwa mashine. Kiroboto akaninong'oneza, "Nyamaza, mjinga, Nyapara yupo."

"Mtu gani chini ya pamba?" akauliza Nyapara.

"Wanafunikana! Tunafunikana, bosi! Amemeza vidonge, amelala, mmemwagia lori zima! Leteni mikono!"

Hapo ndipo niliona sura za watu wangu. Sijawahi kuchukiwa na watu wengi kwa mara moja. Nikaanza kuchimba. Pamba ni kitu cha uongo. Ukiitoa, nyingine inaporomoka, laini, nyeupe, haina kelele, kama inakubembeleza uache. Nilichimba kwa mikono, uma niliuogopa. Mzee wa mashine akaja akapiga magoti upande wa pili. Kisha dereva wa lori. Kisha Kiroboto, analia.

Tukaupata mkono kwanza. Ulikuwa wa baridi, umelegea kama glavu.

Tulimvuta. Uso wa Kaka ulikuwa na rangi ya jivu la jana, midomo ya samawati, pamba kwenye pua. Nikamsafisha kwa kidole. Kifua kikakaa bila kupanda. Kikakaa. Kisha kikatoa mkoromo mmoja, kama maji ya mwisho kwenye bomba.

"Mlazeni, atapata hewa," mmoja akasema. "Mwageni maji." "Mrudisheni nyuma ya banda, ataamka tu, juzi juzi si Kiroboto aliamka?" Na mwingine, kwa chini: "Akipelekwa zahanati tumekwisha sote."

Walikuwa wanamaanisha wema, ndicho kinachonitisha. Hakuna hata mmoja aliyetaka afe. Walitaka tu afichwe.

Nikamgeuza ubavu. Nikamwambia Nyapara atoe gari la ofisi. Akasema gari la ofisi ni la ofisi. Dereva wa lori, mtu nisiyemjua hata kwa sura, akasema, "Mpandisheni, acheni kubishana na tumbo." Tukampandisha. Njia nzima nilikuwa nampiga bega nikimtukana matusi yote tuliyofundishana utotoni, maana kila nikinyamaza na yeye alinyamaza kupumua.

Muuguzi hakuuliza swali. Mara hii alikuwa na haraka. Alimvika mfuko wa hewa usoni, akambinyia pumzi, akamchoma sindano pajani. Tukangoja. Akachoma ya pili.

Kaka akafumbua macho, akavuta hewa kama mtu aliyeibuka kutoka mtoni. Akanitazama.

"Umefanya nini?" akasema.

Alhamisi, 25 Julai

Kikosi kizima kimefukuzwa. Nyapara kasema hakujua kitu, kashangaa mbele ya wakubwa mpaka kashika kifua. Yeye yupo kazini.

Njiani mmoja wetu alitema mate nilipopita.

Jumamosi, 27 Julai

Kaka anatetemeka chini ya mablanketi mawili, jasho linatoka, tumbo linamkata, miguu inapiga teke yenyewe. Hasemi nami. Kwa Shemeji alisema, "Amenivua nguo mbele za watu." Shemeji akamjibu, "Afadhali akuvue yeye kuliko akuoshe mwosha maiti." Akaendelea kumkanda.

Jumanne, 30 Julai

Muuguzi amefika nyumbani. Kaka anaendelea vizuri, anakula. Nikajigamba kwamba hatari imekwisha. Muuguzi akanivuta nje.

"Hatari ndiyo kwanza imeanza, kijana. Mwili wake umesahau ile dawa. Akirudia kiasi kile kile cha zamani, hata mara moja, hatuwahi. Tena wengi hurudia peke yao, kwa aibu, mlango umefungwa."

Tangu hapo kila mlango unaofungwa nausikia tumboni.

Jumapili, 4 Agosti

Kaka kaniomba chumvi ya mboga mezani. Neno lake la kwanza kwangu. Sote watatu tukaganda, kisha yeye akacheka, nasi tukacheka, na nikaona bado anajua kucheka.

Ijumaa, 9 Agosti

Kiroboto amekuja. Kakonda, meno yanasagana. Kasema kiwanda cha kukamua mafuta kinatafuta watu, wenzetu wote wameingia, wanamtaka Kaka awaongoze. Mimi hakunitaja. Wakatoka nje, wakasimama upenuni. Niliwaona kupitia dirisha wakishikana mikono, muda mrefu kuliko salamu.

Kaka akarudi akapita bila kututazama. Akachukua ndoo, akaingia bafuni. Nikasikia komeo.

Shemeji aliweka mkasi chini. Nikaenda kusimama mlangoni.

"Kaka."

Kimya. Wala maji hayamwagiki.

"Kaka, unasikia? Unaoga au unasali?"

Kimya. Nikasikia harufu ya kutu ya mlango, nilikuwa nimeubandikia uso. Nikaanza kusema chochote: kwamba jirani ananidai ndara, kwamba Shemeji anashona suruali ya mtu mwenye mguu mmoja mrefu, kwamba nitauvunja mlango huu na fundi atalipwa na yeye. Sauti ikanipasuka katikati. Nikapiga kwa bega mara ya kwanza.

"Nipo," akasema. "Nipo, jamani. Acha kelele."

Akafungua. Nguo kavu, ndoo kavu. Mkononi kikaratasi cha vidonge kimekunjuliwa, hakina kitu. Shemeji alikipokonya, akakinusa, akamshika kidevu akamgeuzia kwenye mwanga kama anayekagua kitambaa.

"Nimevimwaga chooni," Kaka akasema.

"Vyote?"

"Vyote. Nilikuwa nimeshaviweka kiganjani huyu alipoanza upuuzi wake wa ndara."

"Na kesho je?" Shemeji akauliza.

Kaka hakuapa. Zamani angeapa kwa miungu ya watu wote. Alisema, "Kesho sijui."

Kisha akaenda kuazima bisibisi kwa jirani, yule yule aliyemdhania kuwa anamsema. Akarudi akachuchumaa mbele ya mlango wa bafuni, akang'oa komeo, skrubu baada ya skrubu. Akang'oa na la chumba chao. Akaniwekea yote mawili kiganjani. Yalikuwa bado yana joto la mkono wake.

"Ukiniita nisiitike," akasema, "usipige hodi."

Nikasema sawa. Sasa yuko bafuni, mlango unachezacheza na upepo, maji yanamwagika. Nayasikiliza.